Kodi Ambayo TRA Haiijui

Kwenye yadi za mitambo ya mtumba Dar es Salaam, mtu akisema "eskaveta imeleta kodi", hakuna anayeuliza risiti ya mamlaka ya mapato, TRA. Kodi hiyo ni herufi na namba zinazojitokeza kwenye skrini mbele ya opareta: E02, CA559, au 100 ikifuatwa na 3. Mwenye mtambo akiziona anampigia fundi, kisha anaulizia bei ya spea. Katikati ya simu hizo mbili ipo kazi ambayo soko letu halijazoea kuilipia: kujua namba ile inalalamikia nini.

Chukua E02, inayofahamika sana kwa wenye Komatsu PC200. Wengi huisoma kama tangazo la kifo cha pampu ya haidroliki. Sivyo. Inasema kontrola imeona hitilafu ya umeme kwenye njia ya vali ndogo inayopunguza mzigo wa pampu ili injini isielemewe. Huenda waya umechubuka, plagi imeingia maji, au koili ya vali imeungua. Kiwanda kiliweka na swichi ya dharura: ukiiwasha, mtambo unaendelea na kazi bila ule urekebishaji wa mzigo wa pampu. Ni swichi ya kumalizia siku. Ukienda kukagua eskaveta ukaikuta imewashwa na vumbi limeganda juu yake, ujue siku ile haijaisha mpaka leo, na mtambo umekuwa ukifanya kazi bila urekebishaji huo kila kijiko kinapozama udongoni.

CA559 ni ghali zaidi, kwa maana ya makosa inayozaa. PC200-7 ilikuja na pampu ya dizeli ya kimakanika, ambayo fundi wa pampu angeweza kuifungua mezani na kuielewa kwa macho. PC200-8 ikaja na komoni reli: dizeli inasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000 na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini. CA559 inatokea pale kompyuta inapoomba shinikizo na isilipate. Tajiri anaambiwa pampu imekwisha, analipa, pampu mpya inafungwa, na baada ya siku mbili namba ni ileile.

Fundi mwenye subira haanzii huko. Anafungua filta ya kwanza na kumimina kilichomo kwenye chupa nyeupe aone kama kuna maji, jambo la kawaida kwa dizeli iliyolala kwenye mapipa machimboni. Anafuata mpira wa kuvuta mafuta kutoka tangini, kwa kuwa ukinyonya hewa hata kidogo reli haijai. Kisha anachomoa mpira wa marejesho, anauelekeza kwenye chupa ya maji ya lita moja na kuangalia saa ya simu: dizeli inayorudi ikizidi kipimo cha kitabu, nozeli zinavuja ndani. Pampu inashtakiwa mwisho. Vifaa vya kazi yote hiyo ni spana, chupa, simu na kitabu cha mtambo.

Kwa injini nyingi za kisasa lugha imesawazishwa chini ya kiwango cha J1939. Kodi huja na namba mbili: ya kwanza inataja kinachopimwa, ya pili inataja namna ya kosa. 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupozea. Namba ya pili ndiyo yenye pesa, na ndiyo isiyosomwa. 100 yenye 1 inasema shinikizo la oili kweli liko chini mno: zima injini. 100 yenye 3 inasema volti ya sensa imepanda kupita kiasi, hivyo anza na waya na sensa kabla hujaivua injini sampu. Kati ya 1 na 3 kuna tofauti ya kufanya ovahoo na kufuta plagi kwa kitambaa.

Wakati mwingine kodi 15 zinamiminika kwa pamoja na opareta anadhani mtambo mzima umeoza. Hapo fundi wa umeme huzima kila kitu, anachukua maltimita na kupima kati ya pini C na D kwenye soketi ya duara ya J1939 yenye matundu 9. Ikisoma karibu ohm 60, njia ya mawasiliano ni nzima. Ikisoma 120, kizuizi kimoja cha mwisho wa njia kimepotea au waya umekatika mahali. Panya wanahusika zaidi ya inavyodhaniwa. Wachomeleaji nao wanahusika: wanaunga kijiko bila kuchomoa betri wala kontrola, kisha kila mtu anashangaa kompyuta imekufaje.

Kwa nini basi spea zinabadilishwa kabla ya kupima? Kwa sababu ndivyo tunavyolipa. Hela ya ufundi ni ndogo na inajadiliwa, ilhali cha juu kwenye spea hakionekani. Fundi akitumia saa nne kugundua waya mmoja uliokatika, tajiri anamuuliza mbona anadai pesa nyingi kwa waya. Akibadilisha pampu, hakuna swali. Mimi simlaumu fundi peke yake.

Zana nazo zina siasa yake. Programu kama Cat ET na Cummins INSITE huhitaji leseni, na baadhi ya mabadiliko hudai nywila kutoka kiwandani, ndiyo maana kopi zake zina soko. Ugomvi huu si wetu tu: Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Deere & Company kwa madai ya kubana ukarabati wa matrekta yake. Sisi tuna ugomvi wa ziada. Mitambo ya kizazi cha 2014 na kuendelea inayotoka Ulaya na Marekani mingi ina vichujio vya moshi, tangi la AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi) au vyote viwili, na ile ya Marekani ilisanifiwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi 15 ppm. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Mtambo wa bei nafuu kwenye mnada unaweza kufika hapa ukaanza kujipunguzia nguvu wenyewe kwa sababu ya mfumo wa moshi, na anayeuzima mfumo huo kwa programu hakupi karatasi ya kuonyesha amegusa nini kingine.

Kwa mnunuzi, faida kubwa ya kodi iko kabla ya kulipa. Injini nyingi za Caterpillar hutunza hitilafu pamoja na saa za injini ilipotokea mara ya kwanza na ya mwisho. Mlete msomaji wako wa kodi na laptopu, achomeke, atoe orodha. Dashibodi ikiandika saa 6,200 huku orodha ikionyesha joto la maji lilipanda mara ya mwisho kwenye saa 9,800, mwenye yadi atakwambia mita ilibadilishwa hukohuko ilikotoka. Yawezekana kweli. Muulize bei ya mtambo wa saa 9,800.