Sauti za wazee zilivyookoa lugha ya Kisiwa cha Man

Juzi nilikuwa kafe, nimevaa hedifoni, namsikiliza babu mmoja anayeongea lugha ambayo siielewi hata neno moja. Muda wangu ukaisha, nikalipia mwingine. Babu huyo ni Ned Maddrell, mvuvi, aliyefariki Desemba 1974 akiwa na miaka 97. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wazee waliokua na Kimanx tangu utotoni.

Kimanx ni lugha ya Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Ilipoteaje? Wazazi waliona Kiingereza ndicho kinacholeta mkate, wakaacha kuwasemesha watoto lugha yao. Sensa ya 1901 ilikuta watu 4,419 tu wanaoijua. Ned aliipata kwa sababu alilelewa kijijini Cregneash na bibi mmoja wa ukoo wao, na bibi huyo Kiingereza kilimpiga chenga.

Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hapa daftari peke yake halikutosha. Biblia ya Kimanx ilikuwepo tangu karne ya 18, na miaka ya 1890 daktari mmoja, John Clague, alikuwa akiandika nyimbo alizosikia kwa wenyeji. Tatizo ni kwamba karatasi haitamki. Ukisoma neno, utajuaje wazee walilivuta wapi na walilikata wapi?

Ndipo mashine zikaingia. Mwaka 1909 Rudolf Trebitsch alitoka Vienna na fonografu akarekodi sauti kisiwani. Baadaye akaja Mnorwe, Carl Marstrander, naye akarekodi wazee. Halafu mwaka 1947 Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ireland, alitembelea kisiwa hicho akakutana na Ned. Alipoambiwa makumbusho ya kisiwa haina vifaa vya kurekodi, hakuishia kusikitika. Mwaka uliofuata Tume ya Ngano ya Ireland ikamtuma Kevin Danaher na gari lenye mashine ya kukata santuri. Akapita nyumba kwa nyumba akirekodi hadithi, sala, nyimbo na maongezi ya kawaida tu.

Vijana wa kisiwani nao hawakukaa kusubiri wageni. Kina Doug Faragher na Walter Clarke walikuwa wakiwafuata wazee majumbani kwao, wanakaa nao, wanajifunza, na miaka ya 1950 wakarekodi wenyewe.

Matunda yake? Mwaka 2001 ilifunguliwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx, Bunscoill Ghaelgagh. Mwaka 2009 UNESCO ikatangaza lugha hiyo imekufa. Watoto wa shule hiyo wakaiandikia barua kwa Kimanx kuuliza: kama imekufa, sisi tunaandika kwa lugha gani? UNESCO ikabadilisha maelezo yake. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 2,223 wenye ujuzi fulani wa Kimanx. Sio wengi, na wengi wao wamejifunzia darasani, lakini matamshi wanayapima kwa sauti za akina Ned.

Jamani, mimi hii stori imenichoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyimbo za kutwangia za Kibondei. Kila likizo nilizisikia, na simu yenye kinasa sauti nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa narekodi bongo fleva redioni! Bibi amefariki, na mimi nimebaki na mstari mmoja na nusu, tena sina uhakika na maneno.

Kwa hiyo wewe ambaye bibi au babu yako bado yupo, wikiendi hii washa simu. Usimwambie aimbe vizuri, mwache aongee. Taja jina lake, kijiji na tarehe mwanzoni, kisha weka nakala sehemu mbili. Halafu rudi hapa utuambie alisema nini.