Siku mbili mpakani zinavyokula faida ya mzigo

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanaopeleka vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, hadi Nairobi kupitia Namanga hupiga hesabu ya bei ya kununulia, nauli ya mzigo na bei ya kuuzia. Kinachobaki wanakiita faida.

Tuseme mtu ana magunia 20 aliyonunua kwa Sh 100,000 kila moja, na baada ya usafiri anatarajia Sh 15,000 kwa gunia. Hiyo ni Sh 300,000. Gari likilala mpakani siku mbili, mwenye gari akadai Sh 60,000 kwa siku, chakula na gesti vikachukua Sh 60,000 na gunia moja likaoza, hata Sh 5,000 haibaki. Hapo hajajilipa hata senti kwa siku zake.

Mara nyingi gari hulala kwa sababu karatasi zinatafutwa mzigo ukiwa tayari barabarani. Kwa utaratibu wa Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa za ukanda huu zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na haulipiwi ushuru wa forodha. Wengi husikia hilo wakadhani yamekwisha. Cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika, na hicho kifuatiliwe kabla ya kupakia.

Daftari la shilingi mia chache linatosha: kila safari ukurasa wake, siku za kusubiri zikiandikwa kama gharama, pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile.