Kutoka Jiwe Jeusi la Kyerwa hadi Metali ya Bati

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hupatikana jiwe zito, jeusi au la rangi ya kahawia iliyokoza, ambalo wanasayansi huliita kasiteriti. Jiwe hili ni muungano wa bati na oksijeni. Limekuwa likichimbwa tangu enzi za utawala wa Waingereza, wakati Kyerwa ilipokuwa sehemu ya Karagwe. Kyerwa ilifanywa wilaya ya pekee mwaka 2012. Msomaji asichanganye mambo: "bati" la kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi ndilo linalopakwa katika makopo ya vyakula na kutumika katika lehemu inayounganisha sehemu za redio na kompyuta.

Taaluma inayoliongoza jiwe hilo hadi liwe metali ni uhandisi wa metalujia na uchenjuaji wa madini. Swali lake kubwa ni hili: katika kila kilo 10 za kasiteriti zilizotolewa ardhini, ni kilo ngapi zitakazofika mwisho wa safari?

Kuponda na kusaga

Yapata miaka milioni 1,000 iliyopita, itale iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini na kuingia katika miamba ya ukanda uitwao Karagwe-Ankole, ambao huanzia Kagera na kuingia Uganda, Rwanda na Burundi. Maji ya moto yaliyofuatana nayo yaliacha kasiteriti ndani ya mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Kwa hiyo mbale lazima ipondwe ili punje za kasiteriti ziachane na kwatzi. Lakini kasiteriti huvunjika upesi. Ikisagwa kupita kiasi huwa vumbi, na vumbi hilo haliwezi kurudishwa kuwa punje.

Kutenganisha kwa uzito

Densiti ya kasiteriti ni karibu mara 7 ya ile ya maji. Ya kwatzi ni mara 2.65. Ndani ya maji kila kitu hupungukiwa na uzito sawa na wa maji kilichoyaondoa. Kwa hiyo tunalinganisha 7 kutoa 1, yaani 6, na 2.65 kutoa 1, yaani 1.65. Tukigawanya 6 kwa 1.65 tunapata karibu 3.6. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu mchimbaji mwenye karai na maji ya kijito huweza kupata mchanga mweusi bila mashine yoyote.

Hata hivyo, ukubwa wa punje nao una sheria yake. Kwa punje ndogo sana, kipenyo kikipungua kwa nusu, mwendo wa kuzama hupungua hadi robo. Hivyo vumbi la kasiteriti huchukuliwa na maji pamoja na kwatzi na kuishia katika marudio. Mhandisi huchekecha punje kwanza, kisha huosha kila kundi peke yake, zile nyembamba zikipelekwa kwenye meza inayotikisika.

Tuchukue mfano. Tani moja ya mbale ina kilo 10 za kasiteriti. Baada ya kuosha tunapata kilo 8 za mchanga mzito, ambamo kilo 6 ni kasiteriti. Ubora wa mchanga huo ni asilimia 75, na mnunuzi huenda akaridhika. Lakini tumeokoa asilimia 60 tu; kilo 4 zimelala katika marudio. Anayepima ubora bila kupima kilichopotea ameona nusu ya hesabu.

Pengine mchanga huwa pia na madini ya volframu, ambayo densiti yake hukaribiana na ya kasiteriti. Hapo maji hayafai kitu. Hutumika sumaku yenye nguvu, kwa kuwa madini hayo huvutwa nayo na kasiteriti haivutwi.

Tanuri

Kazi ya tanuri si ngeni Kagera. Wahunzi wa Karagwe na Buhaya waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto tangu kale, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao juu ya ufundi huo. Kanuni ya bati ni ileile: kaboni ya makaa huipokonya kasiteriti oksijeni yake. Kilo 100 za kasiteriti safi zina karibu kilo 79 za bati. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi tu, lakini kuliachanisha na oksijeni huhitaji tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000.

Hapa pana mtego. Mbale huwa na chuma, nacho hupokonywa oksijeni vilevile. Makaa na joto vikizidi, chuma huingia ndani ya bati na kuliharibu. Vikipungua, bati hubaki katika taka za tanuri. Kwa sababu hiyo taka hizo aghalabu huyeyushwa mara ya pili.

Kwa mwanafunzi na mwalimu

Taaluma hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Kitivo chake cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, na katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Misingi yake ni fizikia, kemia na hisabati za sekondari: kanuni ya Archimedes hutumika kwenye karai, uoksidishaji na upunguzaji kwenye tanuri, na asilimia katika kila hatua.

Mwalimu anaweza kuanza kwa mizani ya springi, uzi na ndoo ya maji. Wanafunzi wapime jiwe jeusi na jeupe, kwanza hewani kisha majini, wakokotoe densiti za yote mawili. Kisha wajiulize ni kiasi gani cha jiwe jeusi huteremka na maji ya kijito kila siku, na nani miongoni mwao atakayejifunza kulizuia.