Shujaa aliyeficha uso kwa kuogopa kuchekwa



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kujiamini. Ni kitu gani hasa, kinatoka wapi, na kwa nini wapo vijana wenye akili timamu na afya njema ambao hawana hata chembe yake? Wataalamu wa saikolojia wana majibu yao, nami nitayafikia. Lakini nitaanza na mtu ambaye watoto wenu wanamfahamu kuliko wanavyomfahamu mbunge wao. Yumo kwenye fulana, kwenye mabegi ya shule, kwenye ndala na hata kwenye keki za siku ya kuzaliwa. Namsema Spider-Man, yule kijana wa Marekani mwenye nguvu za buibui, avaaye nguo nyekundu na buluu na kupanda kuta za maghorofa kama mjusi kafiri.

Wazazi wengi humwona kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi nasema hadithi yake ina somo la watu wazima.

Mashujaa wa kale hawakuwa na shida ya kujiamini. Fumo Liyongo wa tenzi zetu aliangushwa na usaliti wa mwanawe, hakuangushwa na kuzitilia shaka nguvu zake. Superman, aliyetokea Marekani mwaka 1938, alikuja kutoka sayari nyingine akiwa na uwezo ambao hapa duniani hauna mshindani. Maadui wa mashujaa hao walikuwa nje. Kifuani mwao palikuwa shwari.

Mwaka 1962 mambo yakabadilika. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel mjini New York, walileta shujaa wa namna nyingine. Stan Lee alisimulia mara nyingi, hadi alipofariki mwaka 2018, kwamba bosi wake alilikataa wazo hilo. Alimwambia watu huchukia buibui, kijana mdogo hufaa kuwa msaidizi wa shujaa tu, na shujaa hana matatizo ya nyumbani. Basi hadithi ikachomekwa katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, gazeti ambalo lilikuwa linafungwa. Toleo hilo liliuzwa vizuri mno, na mwaka 1963 Spider-Man akapewa gazeti lake mwenyewe.

Shujaa mwenyewe ni nani? Ni Peter Parker, yatima anayelelewa na ami yake Ben na mkewe May, katika mtaa wa Queens. Ni mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, mvaa miwani, hodari wa sayansi na kichekesho cha darasa. Siku moja anaumwa na buibui aliyepigwa na mionzi, na ghafla anapata nguvu zisizo za kibinadamu. Anaona tangazo la mieleka: atakayestahimili dakika tatu ulingoni na bingwa atapata dola 100.

Sasa sikilizeni vizuri. Kijana huyu ana uwezo wa kukunja chuma kwa mkono. Hata hivyo, kabla ya kwenda ulingoni anajiuliza: je, nikishindwa? Si watanicheka? Kwa hiyo anatafuta kitu cha kuufunika uso wake. Barakoa yake ya kwanza kabisa haikuvaliwa ili kuwatisha majambazi. Ilivaliwa kwa kuogopa kuchekwa.

Yaliyofuata mnayajua. Anapata umaarufu, anapata kiburi, anamwacha mwizi apite mbele yake akisema hayamhusu. Baadaye mwizi yule yule anamuua Ben. Kijana anajifunza kwa uchungu kwamba mwenye nguvu ana wajibu. Watu wengi huishia hapo wakidhani hadithi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu mtu anaweza kubeba wajibu wote wa dunia huku moyoni akijiona si kitu. Kazini tunao watu wa namna hiyo. Majumbani tunao zaidi.

Katika toleo la kwanza la gazeti lake, Spider-Man anapewa hundi iliyoandikwa jina la Spider-Man. Anaipeleka benki, karani anamtaka kitambulisho, hana, anarudi mikono mitupu. Katika toleo hilo hilo anamwokoa mwanaanga, ambaye ni mtoto wa mhariri aitwaye Jameson. Mhariri badala ya kushukuru anaandika kwamba Spider-Man ni hatari kwa umma. Muda si mrefu Peter anaanza kupata riziki kwa kumuuzia Jameson picha za Spider-Man, picha zinazotumika kumchafulia jina. Yaani anakula kutokana na matusi yake mwenyewe! Je, mtu wa namna hiyo atajiamini vipi?

Hapa ndipo tumwite mtaalamu. Mwaka 1977 Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alichapa makala iliyopata sifa kubwa kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo fulani. Alisema imani hiyo ina chemchemi nne. Ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, ni kutenda: mtu akijaribu jambo gumu na kulishinda, anapata ushahidi. Ya pili ni kumwona mtu aliye kama yeye akilitenda. Ya tatu ni maneno ya kutiwa moyo na mtu anayemwamini. Ya nne ni jinsi anavyousoma mwili wake: moyo ukidunda na magoti yakitetemeka, je, anasema nimeshindwa au anasema niko tayari?

Tazameni jinsi wachora katuni walivyoigundua chemchemi ya kwanza kabla ya maprofesa. Katika toleo la 33, la Februari 1966, mama mlezi wake May yuko hospitali akikaribia kufa. Damu ya Peter, ambayo alimchangia zamani, ndiyo iliyomdhuru kwa mionzi yake. Dawa ipo, lakini Peter amenaswa chini ya mtambo mzito wa chuma, ndani ya jengo lililo chini ya maji. Maji yanavuja kutoka juu. Chupa ya dawa iko mbele yake, naye haifikii. Anajaribu kuinua, mtambo hausogei. Anajiona ameshindwa. Anamkumbuka Ben, aliyekufa kwa uzembe wake, na anamfikiria May. Anajaribu tena. Ditko alitumia kurasa kadhaa kuchora kijana mmoja anayesukuma chuma, hadi kinapoinuka.

Nawaomba mtambue mambo mawili. La kwanza, hakungoja ajiamini ndipo ainue. Aliinua akiwa na hofu, na imani ikaja pamoja na mtambo uliokuwa ukipanda. La pili, hakuwa akijifikiria yeye. Kulikuwa na mtu anayemngoja hospitali. Wengi wetu hatuzijui nguvu zetu mpaka mwenzetu azihitaji.

Nayasema haya kwa sababu ya barua niliyoipata kutoka kwa mama mmoja wa Temeke. Kijana wake alipata Daraja la Sifuri katika mtihani wa Kidato cha Nne. Tangu matokeo yatoke hataki kutoka nje, hataki kuonana na wenzake. Mama anasema amemsifu kila siku, amemwambia wewe una akili, wewe ni bora, lakini kijana ananyamaza tu. Anauliza: kwa nini sifa zangu hazimwingii?

Mama, hauko peke yako. Jimbo zima la California liliwahi kufikiri kama wewe. Mwaka 1986 serikali ya jimbo hilo iliunda kamati maalumu ya kukuza hali ya watu kujithamini, ikitumaini kwamba matatizo mengi ya jamii yangepungua, na kamati ikatoa ripoti yake mwaka 1990. Mashule mengi ya Marekani yakafuata mkondo huo, watoto wakawa wanasifiwa asubuhi na jioni. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa. Waliona kwamba kumfanya mtoto ajione bora hakumwongezei alama darasani. Kwa kiasi fulani mambo huenda kinyume: mtoto hufanya vizuri kwanza, ndipo akajithamini. Sifa isiyo na ushahidi ni kama hundi ya Spider-Man. Jina limeandikwa, lakini benki ya moyo haiipokei.

Je, tuache kusema na watoto? La hasha. Chemchemi ya tatu ipo, ila ina masharti yake. Mwaka 2011 Marvel ilimleta Spider-Man mwingine, Miles Morales, kijana wa Brooklyn mwenye baba Mmarekani mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico. Mwaka 2018 ikatoka sinema yake ya katuni, Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Katika sinema hiyo Miles anapelekwa shule ya bweni ya watoto wenye vipaji. Yeye anajiona hastahili, anataka afukuzwe arudi mtaani kwake. Anapewa mtihani wa kweli au si kweli, anapata sifuri. Mwalimu anamtazama na kumweleza jambo la busara: mtu anayebahatisha kwa macho yaliyofungwa angepata karibu nusu. Kukosa yote kunahitaji kuyajua yote. Akambadilishia alama zikawa mia!

Sisemi kila sifuri ya Kidato cha Nne inaficha mia. Nasema mwalimu yule hakumsifu Miles bure. Alimwonyesha ushahidi uliotoka mkononi mwake mwenyewe. Baadaye baba yake, polisi asiyejua kwamba mwanawe ndiye Spider-Man, anasimama nje ya mlango wa chumba cha bweni na kuzungumza naye. Hamwiti bingwa. Anamwambia anaona ndani yake kitu kikubwa, na kwamba ni juu yake Miles kuamua atakifanyia nini. Miles hawezi hata kumjibu, amefungwa kitini. Lakini maneno yamefika, kwa kuwa yametoka kwa mtu ambaye hana kawaida ya kusema uongo wa kufurahisha.

Na chemchemi ya pili? Miles anakutana na akina Spider-Man wengine, mmoja wao akiwa mtu mzima mwenye kitambi, aliyeachana na mkewe na kukata tamaa. Kwa kumwona huyo, kijana anajua kwamba hata mashujaa huanguka. Halafu inakuja ile siku anaporuka kutoka juu ya ghorofa. Vidole vyake vinashikamana na kioo kwa woga, hata anaporuka vinaondoka na vipande vya kioo. Hofu haijamtoka, lakini ameruka. Hiyo ndiyo chemchemi ya nne.

Sisi watu wa mjini tuna kosa jingine, la kudhani thamani iko kwenye vazi. Suti, simu, gari la mkopo. Katika sinema ya Spider-Man: Homecoming ya mwaka 2017, tajiri aliyempa Peter vazi la kisasa anamnyang'anya. Adui anamwangushia jengo, naye yuko chini ya kifusi amevaa nguo za kushonwa nyumbani, akilia na kuomba msaada. Hakuna anayekuja. Anainua kifusi mwenyewe, kama yule wa mwaka 1966. Watengeneza sinema walilirudia tukio lile kwa makusudi, maana ndilo moyo wa hadithi yote.

Basi mama wa Temeke, na wazazi wengine, jibu langu ni hili. Punguza sifa, ongeza kazi. Mpe kijana jambo dogo ambalo anaweza kulimaliza na ambalo mtu mwingine anategemea limalizike: kumfundisha mdogo wake hesabu, kutunza daftari la mauzo ya genge, kumpeleka bibi kliniki. Akilimaliza, mtajie alilofanya kwa jina lake, usiseme tu wewe hodari. Mkutanishe na mtu wa mtaani kwenu aliyeshindwa mtihani, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea au akaenda chuo cha ufundi, na leo anajitegemea. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Na watu wa nyumbani waache kumcheka, kwa kuwa kijana anayechekwa hujitafutia barakoa, na barakoa nyingine ni pombe na bangi.

Lakini kama wiki zinapita halali, hali chakula, au anazungumza habari za kufa, hapo usingoje hadithi wala mawaidha. Mpeleke hospitali akaonwe na daktari. Hata Spider-Man alijua kwamba kuna ugonjwa unaotaka dawa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi haliundwi kwa kuliimbia sifa ufukweni. Huundwa ubao kwa ubao, msumari kwa msumari, na kisha lazima lishushwe majini.