Kuharakisha Kumbukumbu ya Tarakilishi: Mwendo, Subira na Hadhari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Kauli hii inasadifu pale mtu anapoamua kuiendesha tarakilishi yake ya nyumbani kwa kasi inayozidi kiwango cha mtengenezaji. Wengi hushughulikia kichakataji pekee, ilhali kumbukumbu nayo ina viwango vyake. Makala haya yanadhamiria kufafanua viwango hivyo, uhusiano wake, na sababu ya kuvithibitisha kabla ya tarakilishi kukabidhiwa kazi yoyote ya maana.

Muundo wa kumbukumbu

Kumbukumbu inayorejelewa hapa ni ile ya muda, yaani RAM, ambayo hupotea umeme unapokatika. Imeundwa kwa vijichumba vingi mno, kila kimoja kikiwa na transista moja na kapasita ndogo ya kuhifadhi chaji. Robert Dennard wa kampuni ya IBM, Marekani, alipata hataza ya muundo huu mwaka 1968. Kwa kuwa chaji huvuja, kwa kawaida kila kijichumba huchajiwa upya katika kila milisekunde 64.

Vijichumba hupangwa kwa safu, mithili ya rafu za maktaba. Mkutubi hana budi kuifikia rafu kwanza, kisha achague kitabu, ndipo msomaji akipokee. Kila hatua huhitaji muda wake, na muda huo ndio unaoitwa subira katika makala haya.

Mwendo na subira

Tuchukue mfano wa kumbukumbu ya DDR4 yenye kiwango cha 3200. Saa yake hupiga mapigo milioni 1,600 kwa sekunde, na data hupitishwa mara mbili katika kila pigo. Subira nayo huhesabiwa kwa mapigo. Subira ya mapigo 16 katika mwendo huo ni sawa na nanosekunde 10. Mwendo ukipandishwa hadi 3600 na subira ikawa mapigo 18, muda unabaki kuwa nanosekunde 10. Kwa hivyo, data ya kwanza haifiki mapema zaidi. Kinachoongezeka ni wingi wa data inayopita. Subira ikiachwa kwenye 16, muda hupungua hadi takribani nanosekunde 8.9. Hapo ndipo hatari huzuka, kwani huenda chaji ikasomwa kabla haijabainika vyema.

Taratibu za kurekebisha

Marekebisho hufanywa katika BIOS, programu inayoamsha tarakilishi. Njia nyepesi ni kuchagua XMP, utaratibu ulioanzishwa na Intel mwaka 2007, ambao huweka mwendo, subira na volti zilizopendekezwa na mtengenezaji wa kumbukumbu. DDR4 hutumia volti 1.2 kwa kawaida, na nyingi zilizoundwa kwa mwendo wa kasi hutumia 1.35. Anayerekebisha mwenyewe abadilishe kiwango kimoja kwa wakati mmoja na kukiandika. Tarakilishi ikikataa kuwaka, izimwe, ichomolewe kwenye umeme, kisha betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu iondolewe kwa muda ili viwango vya awali virejee.

Kosa lisilopiga kelele

Tarakilishi inayozimika ghafla hujitangaza kuwa ina kasoro. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayokosea kimyakimya. Herufi “a” huwakilishwa kwa biti 01100001, na “e” kwa 01100101. Tofauti yake ni biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka kabla ya kazi kuhifadhiwa, “anataka” huwa “anateka”, na hakuna onyo litakalotolewa. Mwanafunzi akinakili tasnifu yake kwingine, hunakili na kosa lenyewe. Pengine faili nzima hukataa kufunguka. Tarakilishi nyingi za nyumbani zinazotumia DDR4 hazina kumbukumbu ya kujisahihisha kama ile ya seva.

Hitimisho

Ni bayana kuwa mwendo bila subira ifaayo si faida. Baada ya kila rekebisho, programu kama Memtest86+ iachwe ipime kumbukumbu usiku kucha. Kosa likijitokeza, hata moja, mwendo upunguzwe au subira iongezwe. Nakala za kazi muhimu zihifadhiwe mahali pengine kabla ya jaribio lolote, kwani majuto ni mjukuu.