Bei ya hatari katika michezo ya intaneti: nani alipe, pango au uwanja?

MWAKA 2000 kampuni ya Origin Systems ya Austin, Texas, ambayo tayari ilikuwa mali ya Electronic Arts, iliamua kuitolea dunia yake nakala ya pili. Ramani ilikuwa ile ile, miji ile ile, na mapango yale yale. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Katika nakala mpya, iliyoitwa Trammel, mchezaji hakuweza kumuua mwenzake bila ridhaa yake. Katika ile ya zamani, iliyopewa jina la Felucca, ruksa ya kuuana ilibaki. Wateja walihamia Trammel kwa wingi, na Felucca ikawa kama soko siku ya Idi.

Mchezo wenyewe ni Ultima Online, ulioanza kuuzwa Septemba 1997 kwa ada ya dola 9.95 kwa mwezi. Watu wengi huingia kwa pamoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiendesha mhusika wake: mpiga upanga, mchawi, mhunzi au mchimba madini. Msomaji ambaye hachezi asiharakishe kufunua ukurasa. Ndani ya michezo hii kuna ugavi, mahitaji, bima na ulanguzi, na wenye kampuni hupanga faida ya kila kazi kama serikali inavyopanga ushuru.

Kazi zinazogombaniwa ni mbili. Ya kwanza ni kushuka pangoni kwa kundi, kuua mazimwi na kugawana mali iliyopatikana. Ya pili ni kupigana mchezaji kwa mchezaji uwanjani, mahali popote mtu anapomkuta mwenzake. Kiuchumi kazi hizi hazifanani hata kidogo. Pango huingiza sokoni mali mpya ambayo jana haikuwapo. Mapigano ya uwanjani huhamisha mali kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na mara nyingine huiharibu kabisa.

Kabla ya mgawanyo wa mwaka 2000, aliyekufa katika Ultima Online aliacha maiti yenye karibu kila alichobeba, na mpita njia yeyote aliweza kuipekua. Hesabu ya mnyang'anyi ilikuwa rahisi. Mchimba madini ametumia saa nzima kujaza mfuko. Kwa nini umfuate mgodini na sururu wakati unaweza kumsubiri mlangoni na upanga? Kampuni ilijaribu adhabu. Majina ya wauaji yaligeuzwa rangi nyekundu, na walinzi wa miji waliwaua papo hapo. Nje ya miji hakukuwa na mlinzi. Mteja mpya aliyeporwa mara tatu katika wiki ya kwanza alifunga akaunti, na aliyefunga akaunti halipi dola 9.95.

Kwa upande wa mapato, kwa hiyo, Trammel ulikuwa uamuzi wa busara. Hadi mwaka 2003 wanachama walikuwa wamefikia takriban 250,000, idadi kubwa kwa biashara hiyo wakati ule. Aliyeumia ni mhunzi. Pale ambapo deraya haiporwi wala haipotei, mwenye nayo harudi dukani. Mazimwi yanaendelea kutoa dhahabu kila siku, lakini kinachoteketea ni kidogo, na matokeo yake mwanafunzi yeyote wa uchumi anayajua: fedha nyingi zinafukuza bidhaa chache.

Mwaka 2002 ikaja dawa ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kusisimua zaidi ya habari hii. Felucca, na Felucca peke yake, ilipewa magombo ya nguvu. Kiwango cha juu cha ujuzi kilikuwa pointi 100. Aliyesoma gombo aliweza kuvuka hadi 105, 110, 115 au 120. Magombo hayo yalitoka kwa mazimwi makuu yaliyowekwa katika mapango kama Despise, Deceit na Destard. Ili zimwi kuu lijitokeze, kundi lilipaswa kwanza kupambana na wimbi baada ya wimbi la mazimwi madogo. Ilikuwa kazi ya pango na ya kundi, lakini ilifanyika katika nchi ambayo kuuana kunaruhusiwa.

Wanyang'anyi walielewa mapema kuliko wengine. Hakuna aliyevamia mwanzoni mwa kazi. Walisubiri hadi zimwi kuu likaribie kufa, kundi limechoka na dawa zimekwisha, ndipo wakaingia, wakawaua wenyeji na kuchukua magombo mifukoni mwao. Kundi lenye akili likaanza kuweka walinzi wasiopigana na mazimwi kabisa, kazi yao kutazama mlango tu. Gharama ya walinzi hao ilipaswa kulipwa na mtu, na aliyelipa ni mnunuzi. Mkazi wa Trammel ambaye hajawahi kukanyaga Felucca alikuta gombo la 120 katika duka la mchuuzi kwa bei iliyobeba ndani yake walinzi, vifo na misafara iliyoambulia patupu.

Felucca ikapata uhai, ila si wa kila mtu. Makundi makubwa yaliyoweza kushika pango usiku na mchana ndiyo yaliyotawala ugavi, na mwenye kundi dogo akabaki mnunuzi. Faida ya hatari ilipofanywa kubwa mno, waliojipanga walijenga ukiritimba. Februari 2003 kampuni iliongeza bima: kwa dhahabu 600 kwa kifaa kila unapokufa, kifaa kilibaki chako. Wateja waliipenda sana, na mhunzi akapigwa pigo la pili.

Washindani walichagua njia nyingine. EverQuest, iliyoanza mwaka 1999, ilizuia kuuana katika seva zake nyingi, lakini pango lilikuwa moja kwa wote. Watu walipanga foleni wakisubiri zimwi lizaliwe upya na kugombana nani alifika kwanza. Jibu la ugomvi huo lilikuwa kulipa kila kundi pango lake la faragha: mnapoingia, kompyuta inafungua nakala yenu peke yenu. Foleni inakwisha, lakini ugavi unakuwa hauna kikomo. World of Warcraft, ya Novemba 2004, ilitumia mapango ya namna hiyo kwa breki mbili. Vifaa bora vilifungwa kwa aliyeviokota asiweze kuviuza, na mapango makubwa, kama lile la Molten Core lililohitaji watu 40, yalitoa mali mara moja tu kwa wiki. Kwa lugha ya biashara, huo ni mgao.

Kampuni hiyo hiyo mwaka 2018 ilifanya jambo adimu: ilitangaza bei ya hatari kwa asilimia. Mchezaji alichagua mwenyewe kama yuko tayari kuvamiwa uwanjani. Aliyekubali alipata nyongeza ya asilimia 10 katika baadhi ya malipo ya kazi zake. Upande mmoja ulipopungukiwa watu, nyongeza yake iliruhusiwa kupanda hadi asilimia 30. Ni kama riba: wasipojitokeza kwa 10, unapandisha.

EVE Online ya kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, iliyoanza Mei 2003, haikutenganisha dunia. Anga ni moja, usalama unapungua kadiri unavyotoka katikati. Hata katikati huzuiwi kushambulia. Polisi wa mchezo, CONCORD, watakuja na kulipua meli yako bila kukosa. Kwa hiyo mshambuliaji anapiga hesabu: thamani ya shehena ya meli ya mizigo inayoelekea soko kuu la Jita, toa sehemu itakayoungua, toa meli zetu zitakazolipuliwa na polisi. Ikibaki faida, wanashambulia. Mfanyabiashara mzoefu naye hugawa shehena yake katika safari kadhaa ili hesabu hiyo isilipe. Hadi mwaka 2011 bima iliwalipa hata waliolipuliwa na polisi, yaani mwizi alifidiwa gari lake la wizi, mpaka kampuni ikafunga mlango huo.

Meli iliyolipuka hairudi, na hapo ndipo viwanda vya EVE vinapopata oda. Januari 2014, katika mfumo wa B-R5RB, malipo ya kumiliki eneo hayakuingia kwa wakati na vita vikazuka kwa takriban saa 21. Meli kubwa kupita zote, titani, zililipuka 75. Hasara yote ilikadiriwa kufikia dola 300,000. Kila titani ilikuwa imetumia madini yaliyochimbwa na watu kwa miezi mingi.

Septemba 2018 kampuni ya Pearl Abyss ya Korea Kusini ilikubali kuinunua CCP kwa bei ya hadi dola milioni 425, ambapo milioni 200 kati ya hizo zilitegemea matokeo ya kazi. Julai 2019 CCP iliondoa, katika anga la mbali, orodha iliyomwonyesha rubani nani yuko karibu naye. Wawindaji walishangilia. Wale waliokuwa wakiua mazimwi kwa ajili ya mapato hawakuongezewa malipo yoyote kwa hatari mpya, basi wengi wao hawakuingia kazini, na idadi ya wachezaji ikashuka. Septemba mwaka huo huo orodha ilirudishwa.