Shinkolobwe na Maada ya Giza: Kweli au Uongo?

Kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Likasi, Kongo (DRC), ndiko kuliko na Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Sifa hiyo imewafanya wengi kulitupia shimo lile kila jambo la fizikia lisiloonekana kwa macho, ikiwemo maada ya giza, inayojulikana kwa uzito wake tu. Tuyachambue machache.

"Maada ya giza imejificha ardhini, ndiyo maana wataalamu wanashuka migodini." Uongo, ingawa kushuka wanashuka. Maabara ya SNOLAB, Kanada, iko kilomita 2 chini, ndani ya mgodi wa nikeli huko Sudbury. Hawachimbi kitu. Wanazikimbia muoni, chembe zinazotunyeshea kutoka juu angani, na mwamba ndio unaozipunguza. Maada yenyewe, kama wanavyoielewa, inapita popote: kiwandani Shituru pale Likasi, hata mwilini mwako, karibu bila kugusa chochote.

"Basi Shinkolobwe ingefaa kuwa maabara." Uongo kabisa. Adui mkubwa wa mitambo inayoitafuta maada ya giza ni urani. Ikivunjika polepole huzaa vitu vingi, ikiwemo gesi ya radoni, na kila mvunjiko huacha alama inayoweza kudhaniwa ni maada ya giza. Vifaa hupimwa kimoja kimoja, visije vikabeba hata chembechembe za urani. Shaba, riziki ya Likasi tangu enzi za wakoloni, ikisafishwa mno hutumika kuikinga mitambo hiyo.

"Wameshaipata." Uongo. Uzito wake unaonekana katika mwendo wa nyota ndani ya galaksi, kazi aliyoifanya mwanaastronomia Vera Rubin miaka ya 1970. Chembe yake haijashikwa na mtu. Wengine wanahisi kuna kundi zima la chembe zilizojificha, zisizogusana na zetu ila kwa nadra, ambazo husafiri mbali kidogo kabla ya kuvunjika na kuacha alama. Kwenye maabara ya CERN, mtambo wa FASER unazingojea tangu 2022, mita 480 kutoka mahali protoni zinapogongana. Anayekuuzia maada ya giza ndani ya chupa ni tapeli. Hakuna chupa inayoweza kuizuia.

Turudi kwenye urani. "Kitu cha mionzi kinachodumu zaidi ndicho hatari zaidi." Uongo. Nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika, kwa hiyo mionzi yake hutoka taratibu. Nusu ya radoni huvunjika kwa siku 3.8 tu. Huvutwa kwa pumzi, na mabaki yake hunasa mapafuni na kuweza kuleta saratani.

"Jiwe la urani linang'aa gizani." Uongo, na huu ndio unaonitia hofu zaidi. Kilichong'aa kwenye saa za zamani ni rangi ya radiamu iliyochanganywa na salfidi ya zinki. Urani ya Shinkolobwe ni jiwe jeusi zito, mara nyingine lenye utando wa njano, rangi ya machungwa au kijani. Halinuki, haliwashi ngozi. Mchimbaji anayefuata kobalti hana njia ya uhakika ya kulitambua kwa macho. Na wachimbaji waliingia hata walipokatazwa: mwaka 2004 mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwezi Januari, lakini Julai ukaporomoka na kuua wachimbaji waliokuwa wameendelea kuingia.

"Mionzi hiyo haipimiki." Uongo. Kipimo cha Geiger kikisogezwa kwenye gunia lenye mawe ya urani, hulia hapo hapo. Hakuna fumbo la sayansi hapa: kila gunia linalonunuliwa karibu na Shinkolobwe lipimwe kabla mtu hajalibeba mgongoni.